Kumrudisha kwao mzee aliyekuwa kiongozi

Baba mkubwa alikuwa diwani wetu. Alipoanguka kura za maoni za chama, simu zilikoma kuita; kisha figo zikaanza kumsumbua. Mimi ndiye niliyemtoa Mwanza kumrudisha Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, akapumzike kwao.

Kama una safari hiyo, kwanza daktari akuandikie barua na dawa za maumivu za kutosha. Chagua meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe. Njia ya Bunda na kivuko cha Kisorya ni ndefu, na kila tuta humuumiza mgonjwa. Melini ni zaidi ya saa tatu: mlaze mbali na injini, kichwa juu ya mito miwili, maji kwa kipimo cha daktari. Kanga chukua nyingi.

Ila heshima ndiyo kazi kubwa. Mvalishe koti lake la vikao. Mkalishe upande wa kuliona Jiwe la Bismarck, mwamba ule wa ziwani Mwanza, mkiondoka. Na mwambie mapema nani atampokea, asitegemee umati. Mimi sikumwambia. Tulipotia nanga Nansio aliangaza gati lote, akauliza, “Watu wako wapi?”

Nilimshika mkono. “Tupo, baba. Shikamoo.”

“Marahaba, mwanangu,” akasema, tukashuka polepole.