Kununua jumba la likizo Breckenridge: anza na leseni, mandhari baadaye

Wadau, hili swali linakuja sana siku hizi, hasa kwa familia zetu za huku Marekani ambapo ndugu wanne watano wanataka kuchanga wanunue nyumba kubwa milimani Colorado ili Krismasi wote wakutane sehemu moja, watoto wacheze na theluji. Wazo zuri na nalipenda kwa moyo wote. Ila wengi wanaanza na picha za nyumba mtandaoni wakati pa kuanzia ni kwenye makaratasi. Nitaongelea Breckenridge, ipo Summit County, kama kilomita 130 kutoka Denver, mji ulioanza na dhahabu 1859 na ski, yaani mchezo wa kuteleza kwenye theluji, ikaja 1961.

Nyumba ya vyumba sita karibu kila mtu anaipigia hesabu ya Airbnb zile wiki ambazo familia haipo, na hapo ndipo watu wanaumia. Mwaka 2021 mji uliweka ukomo wa leseni za kupangisha muda mfupi, 2,200 ukitoa zile nyumba za aina ya hoteli, halafu 2022 wakaugawa mji kwa kanda, na ile kanda ya mitaa ya makazi, ambako majumba makubwa yapo mengi, ikapangiwa leseni 390 tu. Na leseni haihami na nyumba! Muuzaji akikuonyesha mahesabu kwamba nyumba yake inaingiza hela nzuri kila msimu anaweza kuwa anasema kweli kabisa, lakini hela ile ilikuja kwa leseni yake yeye, siku anakukabidhi funguo leseni inakufa na wewe unaenda kupanga foleni. Kwa hiyo kabla hata ya kwenda kuiona, piga simu mwenyewe ofisi ya mji, taja anwani, uliza ipo kanda gani, foleni ikoje, ada ya mwaka kwa kila chumba ni kiasi gani, na wageni wangapi wanaruhusiwa kulala. Usimwachie dalali. Nyumba ikiwa nje ya mipaka ya mji basi ni kaunti, na kaunti nao wana masharti yao. Juu ya hapo soma sheria za HOA, yaani umoja wa wenye nyumba, maana mji unaweza kuruhusu wao wakakataa.

Ushauri wangu, piga hesabu kama vile hamtapangisha hata usiku mmoja. Hesabu ikigoma, tafuteni ndogo zaidi.

Kwenye mkopo, benki inatofautisha nyumba ya pili ya familia na nyumba ya biashara. Ya familia riba na kianzio vinakuwa nafuu, lakini masharti ni kwamba muitumie wenyewe sehemu ya mwaka na msimkabidhi meneja mamlaka ya kuamua nani akae lini, na kodi ya pango mnayotarajia kukusanya haihesabiwi kwenye kipato chenu. Usiwadanganye benki hapa, ni kosa la jinai. Mkinunua kwa jina la kampuni ya familia mikopo ya kawaida mingi hamtaipata, kwa hiyo ongeeni na benki kabla ya kusajili chochote. Na tafadhalini andikeni makubaliano, hata kama ni ndugu wa tumbo moja: nani anapata Krismasi mwaka huu, paa likiharibika mnachangaje, mmoja akitaka kutoka hisa yake inauzwa kwa nani na kwa bei ya nani. Mnaandika mkiwa bado mnapendana, sio baada ya mtu kufukuzwa kazi.

Kodi kwa kifupi. Mji unachukua asilimia 1 ya bei wakati wa kuhamisha umiliki, kwa nyumba ya dola milioni 2.5 hiyo ni dola 25,000 na watu wanaisahau. Mkipangisha, zihesabuni siku zenu za kukaa, zikizidi 14 au asilimia 10 ya siku mlizopangisha, ile iliyo kubwa, IRS, yaani mamlaka ya kodi ya Marekani, wanaiona kama makazi na gharama mnazoweza kukata kwenye kodi zinapungua. Kwa ndugu walio Nairobi au Dar wanaotaka jina lao liwepo, wajue siku ya kuuza mnunuzi kwa kawaida anatakiwa kuzuia asilimia 15 ya bei na kuipeleka IRS, kwa hiyo mhasibu aingie mwanzoni.

Sasa nyumba yenyewe. Nenda mwezi wa pili, saa kumi jioni, simama mlangoni mwa garaji uangalie njia ya gari. Kama inatazama kaskazini na ina mteremko, jua haliifikii na hapo ni barafu mpaka mwezi wa nne, labda iwe na mabomba ya moto chini ya zege, na hayo nayo yana bili yake ya gesi. Inua macho kwenye kingo za paa: barafu nene inayoning'inia maana yake joto la ndani linavuja, theluji inayeyuka juu halafu inaganda pembeni, maji yanarudi nyuma chini ya paa. Ingia ndani utafute madoa ya kahawia kwenye dari karibu na ukuta wa nje. Rangi mpya kwenye kona moja tu ya dari, uliza kwa nini. Jumba la likizo linakaa tupu wiki nyingi, bomba likiganda na kupasuka nani atajua? Lazima uwe na mtu wa kulipita kila wiki, kufyeka theluji na kuangalia boila na jakuzi, weka hiyo gharama kwenye bajeti tangu siku ya kwanza. Ukaguzi uhusishe radoni, gesi yenye mionzi inayotoka ardhini, Colorado ipo nyingi. Kama kuna tanki la maji taka, angalia kibali chake ni cha vyumba vingapi, tangazo linaweza kusema watu 20 na kibali ni cha vyumba vinne.

Bima ya moto itafuteni kabla ya tarehe ya mwisho ya kujitoa kwa sababu ya bima iliyopo kwenye mkataba, ikipita umebanwa. Mwezi wa sita 2018 moto wa msituni ulioitwa Buffalo ulifika karibu kabisa na nyumba za Silverthorne hapo jirani, na misitu iliyokatwa mapema kuzunguka mitaa ile ilisaidia sana kuziokoa.

Na wazee. Mji upo mita kama 2,900 juu ya usawa wa bahari, juu kuliko Mandara, kituo cha wapanda mlima pale Kilimanjaro, mama mwenye presha anaweza asilale usiku wa kwanza, muulizeni daktari wake na mlale Denver kwanza.

Siku ya kulipa, usitume hela kwa maelekezo ya imeili peke yake, wezi wanajifanya kampuni ya hati miliki, ile inayosimamia malipo na uhamisho wa nyumba. Piga namba uliyoipata mwenyewe mwanzoni, wakusomee akaunti tarakimu kwa tarakimu, ndipo utume.