Namna ya kuandika historia ya bibi aliyekuwa wa kijiji kizima

Misibani kwetu, historia ya marehemu mwanamke wa kijijini husomwa kwa dakika mbili. Alizaliwa, akabatizwa, akaolewa, akajaliwa watoto na wajukuu, akaugua, Bwana ametoa na Bwana ametwaa. Mwanamume aliyekuwa karani hupewa ukurasa mzima, kwa sababu vyeo vyake vina barua na tarehe. Bibi yangu wa Usangi, Upare ya Kaskazini, hakuwa na cheo hata kimoja, na bado siku ya maziko njia ya kwenda nyumbani kwake haikupitika kwa watu. Watu wale walikuwa na sababu ya kuja. Kazi yako wewe mjukuu ni kuijua sababu ya kila mmoja na kuiandika.

Anza na daftari la rambirambi. Kila msiba una kaunta buku la kuandika jina la mtu, anakotoka na alichotoa. Hesabu ikishafungwa, daftari hutupwa kabatini, na humo ndimo ilimo orodha ya mashahidi wako. Mwombe anayeandika aongeze safu moja: alimfahamu marehemu kwa lipi. Majibu huwa mafupi: "kisomo", "alinipa mbegu", "alinizalisha". Katika daftari letu kulikuwa na mzee mmoja ambaye pale nyumbani hakuna aliyemtambua. Mbele ya jina lake paliandikwa "maji ya ndiva". Huyo ndiye niliyemfuata kwanza.

Kwa asiyezijua, ndiva ni mabwawa madogo ambayo wazee wa Upare waliyachimba ili maji ya kijito yajikusanye usiku, kisha yafunguliwe mchana yaende mashambani kwa mifereji, kila shamba kwa zamu yake. Ndiva ikijaa tope, watu huitwa msaragambo, kazi ya pamoja isiyo na malipo. Yule mzee akanieleza kwamba mwaka mmoja wa kiangazi kikali watu wa juu na wa chini waligombania zamu mpaka mapanga yakatajwa. Bibi akawa anatoka alfajiri, anakwenda kukaa ukingoni na ukindu wake wa kusuka, maji yafunguliwe naye anaona, ili asiwepo wa kusema ameibiwa. Hakutumwa na mtu. Pande zote mbili zilimwamini, na ugomvi ukaisha. Nyumbani tulijua anakwenda kukata majani ya ng'ombe, kwa sababu kila siku alirudi na mzigo wa majani kichwani. Habari hii asingetupa mtoto wake yeyote. Alikuwa nayo mtu wa bonde la chini.

Ukifika kwa shahidi, salimia kwanza na ujieleze kwa mzazi wako: "Shikamoo bibi, mimi ni mtoto wa fulani, mjukuu wa marehemu." Nenda na sukari na majani ya chai. Simu ibaki mfukoni mpaka uombe ruhusa ya kurekodi, na akikataa, sikiliza tu, uandike ukitoka. Akikubali, taja mwanzoni jina lake, mahali na tarehe, maana sauti zikiwa nyingi hutajua ipi ni ya nani. Mwache aseme Kipare kama ndicho kinachomjia. Kiswahili utakiandika baadaye, na maneno yake yenyewe uyahifadhi. Jioni hiyohiyo nakili rekodi kwenye simu nyingine au kompyuta.

Usimuulize marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Utaambiwa mpole, mkarimu, mcha Mungu. Ni kweli, lakini ndivyo husemwa marehemu wote. Uliza kazi. Msaragambo ukiitwa, alishika nini? Ulipojifungua, alikuja na nini mkononi? Jirani yetu mmoja, mama wa Kiislamu, alinijibu swali hilo la pili bila kufikiri: "Kuni." Wenzake walileta uji na ndizi, bibi akaleta mzigo wa kuni, akasema uji kila mtu ataleta, kuni za kuupikia nani atakumbuka? Jibu hilo moja linamweleza bibi yangu kuliko sifa zote.

Tarehe ndizo zitakazokusumbua. Wazee wetu wengi hawana cheti cha kuzaliwa, na mwaka ulio kwenye kitambulisho mara nyingi ulikadiriwa na karani. Tumia matukio makubwa. Upare tunayo ya kwetu: mbiru, ile kodi iliyowafanya Wapare wateremke hadi Same kuipinga katikati ya miaka ya 1940. Kisha kuna Uhuru, Desemba 1961. Azimio la Arusha, Februari 1967. Mwaka 1970 ambao Mwalimu aliutangaza kuwa wa elimu ya watu wazima. Kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, 1973. Vita vya Kagera, 1978 hadi 1979. Msuya wa kwetu Mwanga kuwa Waziri Mkuu, 1980. Kifo cha Sokoine, Aprili 1984. Mvua za El Nino, 1997 hadi 1998. Kifo cha Mwalimu, Oktoba 1999. Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani". Uliza: wakati wa vita vya Kagera, mtoto wake wa mwisho alikuwa mgongoni au anatembea? Alipoanza kufundisha wenzake kisomo, nyumba ilikuwa ya nyasi au ya bati? Akina mama hukumbuka umri wa watoto vizuri mno, hata wa watoto wa jirani. Watu wawili walioulizwa mbalimbali wakikubaliana, andika mwaka. Wasipokubaliana, andika "miaka ya mwanzo ya Uhuru", yatosha.

Kabla ya siku ya kugawa nguo, omba shangazi zako wakuruhusu upige picha sanduku lake: kanga, kadi za chama, kadi za kliniki za watoto, stakabadhi za kahawa, daftari la upatu. Zipige karibu na dirisha, mchana. Zikishagawanywa hazikusanyiki tena.

Kuna jambo moja nasisitiza kwa nguvu. Bibi wa namna hii huwa amebeba siri za watu. Utaambiwa kuhusu binti aliyefukuzwa kwao akiwa na mimba, akalala kwa bibi mpaka akajifungua. Au ada iliyolipwa kimyakimya. Kama aliyesaidiwa hajasema mwenyewe kwamba iandikwe, usiandike jina, wala ukoo, wala mwaka. Bibi alifanya kwa siri akiwa hai. Kufa kwake hakujatupa ruhusa ya kumwaibisha mtu. Mambo ya mashamba na mipaka nayo yapeleke kwenye kikao cha ukoo, yasiingie humu.

Ukiketi kuandika, tanguliza kazi, kuzaliwa kufuate. Mimi nilianza na ndiva. Andika mbili: fupi ya kusomwa kanisani au kwenye arobaini, isiyozidi dakika tano, na ndefu ya kubaki. Ukali wake pia uweke. Bibi yangu hakumwamkia mtu aliyekwepa msaragambo mpaka aombe radhi, na waliowahi kununiwa naye ndio waliocheka sana iliposomwa.

Kabla ya kuchapa, wasomee waliokusimulia, hasa bibi wenzake. Watakurekebisha majina ya mito na nani alikuwa dada wa nani. Kisha nenda steshenari, toa nakala za kutosha: kila aliyesimulia apate yake, na nyingine zibaki shuleni na kanisani au msikitini. Mwishoni mwa nakala ya nyumbani acha kurasa tupu. Desemba watu wakirudi kutoka Dar na Arusha, hakosi mmoja wa kuuliza mbona jambo lake halimo. Mpe kalamu aliandike mwenyewe, aweke jina na tarehe.