Keki ya rojo la epo na viungo: inavyokubali Moshi, na kilichoibonyeza Arusha

Binti wa kaka yangu anaishi Arusha, upande wa Sakina. Jumamosi moja alinitumia picha tatu kwa mpigo, keki ile ile kwa pembe tatu, katikati imebonyea kama kochi ambalo babu amelikalia miaka ishirini. Chini akaandika: "Shangazi, nimefuata kila kitu ulichosema." Nikampigia. Tuliongea mpaka salio likakata, tukaendelea kwa meseji, na keki ya pili ikabonyea vilevile. Ya tatu ndiyo iliyosimama. Naandika haya ili nisirudie yote kwa simu, maana sasa na wenzake wa kazini wanaitaka.

Keki yenyewe ni ya Wamarekani. Kwao epo zilikuwa nyingi, zikapikwa na kupondwa kuwa rojo, na rojo likaingia kwenye keki. Ilipendwa sana wakati wa Vita Kuu ya Kwanza kwa kuwa haina gharama kubwa. Sababu hiyo inanitosha na mimi.

Nasema epo kwa makusudi. Vitabuni ni tufaa, lakini nenda Zanzibar uombe matufaa uone: utapewa yale mekundu ya majimaji yenye umbo la pea, tunda lingine kabisa.

Vipimo (ni vya Moshi, vya Arusha nitavisema mbele): epo kilo 1, unga wa ngano gramu 250, sukari gramu 180, mafuta ya alizeti mililita 120, mayai 2, bekingi soda kijiko cha chai 1 cha kusawazisha, bekingi pauda nusu kijiko cha chai, chumvi nusu kijiko cha chai. Viungo: mdalasini kijiko cha chai kimoja na nusu, tangawizi kavu nusu kijiko, kungumanga robo kijiko, iliki punje 6, karafuu punje 4. Zabibu kavu ni hiari. Nunua mzani mdogo wa jikoni. Kikombe changu si kikombe chako.

Sukari natumia ya kawaida ya dukani, hii ya kiwanda cha TPC cha hapa Moshi, yenye rangi ya kahawia hafifu. Siagi sitii. Keki ya mafuta inabaki laini siku ya tatu, ya siagi inakakamaa ukiiweka penye baridi. Wanaobisha wabishe wakiwa wameonja zote mbili.

Hatua ya kwanza: viungo

Twanga mwenyewe. Mdalasini wa magome, iliki na karafuu vipashe kwenye kikaango kikavu kwa dakika moja mpaka vinukie, twanga kwenye kinu, chekecha. Kungumanga ikwangue kwenye kikwaruzo wakati wa kuchanganya, usiitwange mapema. Karafuu ni nne, nimesema nne. Ikizidi, keki inanuka kama dawa ya meno.

Na usichukue masala ya pilau kwa kufikiri viungo ni viungo. Jirani yangu alifanya hivyo. Ndani mna bizari nyembamba, na watoto waliikataa keki wakauliza nyama iko wapi.

Hatua ya pili: rojo

Hapa ndipo keki inapofia. Watu wanalaumu jiko, wanalaumu unga, wanalaumu mayai ya kisasa, kumbe kosa lilishafanyika saa mbili nyuma ndani ya sufuria.

Mimi mwenyewe nililipia somo hili. Nilipokea oda yangu ya kwanza kubwa, keki ya kipaimara, nikaanza kuoka saa kumi jioni. Ya kwanza ilitoka juu imeiva, katikati ujiuji. Nikaongeza moto. Ya pili ikaungua pembeni, katikati bado ujiuji. Nikabadilisha unga, nikatoa yai moja, nikahamia jiko la jirani. Saa saba usiku nina keki tatu mbovu na macho mekundu. Nilipoenda kuosha vyombo nikaliona bakuli la rojo lililobaki: rojo limekaa katikati kama kisiwa, na pembeni yake pete ya maji. Yale maji ndiyo nilikuwa nayamimina kwenye keki, kila safari.

Epo mbichi ni maji matupu, kiasi cha asilimia 85. Kazi ya kupika rojo ni kuyatoa, siyo kuyaongeza. Binti yetu wa Sakina alizichemsha epo kama viazi, maji yakazifunika, kisha akaponda zote na maji yake. Nilipomuuliza akasema, "Si ulisema zichemshwe?" Nilisema kweli. Kosa ni langu.

Basi fanya hivi. Chagua epo. Zile ndogo za kijani za Lushoto, chachu, zinapondeka vizuri na uchachu wake unaamsha soda. Zile kubwa nyekundu zinazotoka Afrika Kusini ni tamu lakini ngumu kupondeka. Nachanganya nusu kwa nusu. Ukizipata zilizochubuka pale soko la Mbuyuni jioni, wauzaji wanapotaka kurudi nyumbani, chukua hizo kwa bei ya kutupa. Kata sehemu iliyooza, pale palipochubuka tu hapana neno. Ukiwa na nyekundu peke yake, kamulia kijiko cha chakula cha ndimu.

Menya. Najua kuna wanaopika na maganda. Maganda hayapondeki, yanabaki vipande kama karatasi na yanakwama kwenye meno. Toa mbegu, kata vipande vidogo. Kilo moja ikishamenywa inabaki gramu 750 hadi 800.

Sufuria liwe zito. Tia epo na maji nusu kikombe cha chai, basi, ya kuzuia zisigande chini tu. Funika, moto mdogo, dakika 15 au mpaka zilegee. Ponda kwa mwiko. Blenda sipendi hapa: inataka maji ili izunguke, na ukishaonja ulaini ule utaongeza maji bila kujijua. Vipande vidogo vidogo ndani ya rojo havidhuru, vikiiva vinakuwa vitamu ndani ya keki.

Sasa funua. Hiki ndicho kipande kinachorukwa. Rojo lichemke bila mfuniko dakika 20 hadi 30, ukikoroga mpaka chini. Litaanza kurukaruka na kuunguza mkono, kwa hiyo vaa mikono mirefu na mfukuze mtoto anayechungulia. Kwenye mkaa punguza moto, toa vipande viwili vitatu kabisa. Likishika chini usikwangue, mimina la juu kwenye chombo kingine na uache lililoungua palepale, kwa sababu harufu ya moshi ikiingia haitoki hata kwa karafuu. Sukari usiweke bado. Inaharakisha kuungua, na vipimo vya sukari viko kwenye keki tayari.

Utajuaje limefika? Buruta mwiko katikati ya sufuria. Njia ikibaki wazi ukahesabu moja hadi tano, limekaribia. Ikijifunga mara moja, endelea. Halafu weka kijiko kimoja kwenye sahani, nenda kafanye kazi nyingine dakika tano, urudi uangalie pembeni. Ukiona pete ya maji, hata nyembamba, rudisha jikoni. Mwisho pima: kilo moja ya epo inakupa rojo la gramu 500 hivi. Ukipata 700, usijipongeze.

Kwenye keki utatumia gramu 350. Linalobaki ni la kupaka kwenye mkate.

Liache lipoe kabisa, mpaka sufuria isikupe joto mkononi. Rojo la moto linapika mayai na linaiamsha soda kabla ya wakati. Mimi hulipika usiku nikaoka asubuhi. Ni rahisi kuliko kusimama na kupepea.

Hatua ya tatu: washa moto kabla ya kuchanganya

Soda inaanza kazi sekunde ile inapokutana na uchachu wa rojo. Mchanganyiko ukisubiri jiko lipate moto, mapovu yanaisha mezani. Kwa hiyo oveni iwe tayari, nyuzi 175.

Oveni ya mkaa ya fundi bati haina namba. Nyunyiza unga kidogo kwenye sahani ya bati, ingiza, hesabu dakika tano. Ukiwa kahawia hafifu, moto ni wa keki. Ukiwa mweusi, toa mkaa. Ukibaki mweupe, ongeza. Mkaa wa juu uwe mwingi kidogo kuliko wa chini, maana keki hii ina sukari ya tunda na kitako chake kinaungua upesi. Nina oveni ya umeme pia, ila umeme ukikatika keki ikiwa dakika ya ishirini ndani, hakuna wa kumlilia. Kwa oda za watu nategemea mkaa.

Hatua ya nne: changanya

Unga, soda, pauda, chumvi na viungo chekecha pamoja. Bakuli lingine: mayai, sukari, mafuta, piga kwa uma dakika mbili, tia rojo. Mimina unga, koroga kwa mwiko mpaka usionekane, acha. Mashine ya kukorogea irudishe kabatini.

Neno moja kuhusu magadi. Huku kwetu kila jiko lina magadi ya kulainishia makande, na mtu akikosa soda anafikiri ni ndugu yake. Ni ndugu kweli, lakini ni mkali zaidi, na keki itatoka na ladha ya sabuni. Toka nje ukanunue soda.

Kwa walio Arusha: mji wenu uko juu, kama mita 1,400, sisi Moshi tuko kwenye mita 800 na ushee. Huko hewa ni nyepesi zaidi, mapovu yanatanuka haraka, keki inapanda kwa kishindo kabla kuta zake hazijashika, kisha inaanguka. Ndiyo hewa hiyo hiyo inayofanya maji yachemkie nyuzi 95 hivi na maharage yenu yachelewe kuiva. Kwa hiyo soda iwe robo tatu ya kijiko, pauda acha kabisa, sukari gramu 160, unga ongeza vijiko viwili vya chakula, moto nyuzi 185. Lakini usianze na haya kama rojo lako bado lina maji. Keki ya pili ya binti yetu ilikuwa na vipimo vyote vya Arusha, na ikabonyea kwa sababu ya rojo. Kwenye ile ya tatu tulirekebisha yote mawili.

Hatua ya tano: oka

Chombo cha duara cha sentimita 20, paka mafuta, tandika karatasi. Dakika 50 hadi 55 Moshi. Usifungue kabla ya dakika 35.

Njiti inadanganya kwenye keki hii, kwa kuwa ikigusa kipande cha epo inatoka na unyevu hata kama keki imeiva. Mimi nabonyeza katikati kwa kidole: ikirudi juu, toa. Alama ya kidole ikibaki, ongeza dakika tano. Kingo nazo zitakuwa zimeanza kuachana na chombo.

Hatua ya sita: ipoe

Dakika 15 ndani ya chombo, kisha juu ya wavu. Ikipoa kabisa ifunge uiache mpaka kesho. Leo karafuu inapiga kelele peke yake, kesho viungo vimeelewana. Sukari ya unga juu sihitaji, lakini mteja akitaka, naikoroga na ndimu iwe nzito namwagia kidogo.

Kwa joto la Moshi inakaa siku tatu kwenye kopo lenye mfuniko. Baada ya hapo ni friji, na kabla ya kula ipashe kipande kwenye kikaango kikavu, uso wa ndani chini, mpaka sukari ishike rangi. Mkikatiana ofisini, tumieni kisu chenye meno kilichochovywa maji ya moto, kisha kikafutwa. Binti yetu alitumia kisu cha nyama, akanitumia picha nyingine. Safari hii keki ilikuwa imesimama vizuri, ila ilikatwa kama tofali lililodondoka.