Fuata mkojo ndani ya figo la mbuzi

Wanafunzi wangu huwa nawatuma buchani na neno moja: mwambieni muuzaji asikate mafuta wala mrija unaotoa mkojo (ureta). Figo lililosafishwa halitufai.

Lipasue kwa urefu, kuanzia mgongo wake wa nje kuelekea kwenye kibonyeo, lakini usilitenganishe kabisa. Ukanda wa nje ni gamba. Humo damu huchujwa. Ndani yake ni medula, yenye mistari myembamba. Iguse: ndiyo mirija inayokusanya mkojo na kuushusha hadi kwenye ukingo, yaani ncha ya medula inayochomoza kwenye uwazi wa katikati.

Sasa chukua chelewa, tumia upande butu, uipenyeze taratibu kwenye mrija kutoka nje. Itatokeza kwenye uwazi mweupe, pelvisi. Napenda sana nyuso zao hapo!

Tahadhari moja, maana wengi hukosea kwenye mchoro: mbuzi ana ukingo mmoja tu. Kwa binadamu, medula ya kila figo imegawanyika katika piramidi, vipande vyenye umbo la pia, kama 8 hadi 18. Ncha ya kila moja hudondosha mkojo kwenye kikombe kidogo, kaliksi; vikombe vidogo huungana kuwa viwili au vitatu vikubwa, ndipo pelvisi, kisha ureta, ambayo hubana na kulegea ikiusukuma mkojo hadi kibofuni.