Kutoka Bukavu hadi Nyungwe: jinsi ya kuifikia miti mikubwa na kuitazama ipasavyo

Wengi wetu hapa Bukavu tumekwisha kuuvuka msitu wa Nyungwe, ule wa Rwanda, bila kuuona. Tunapanda basi la Kigali pale Kamembe, mji wa Rwanda ng'ambo ya mpaka, kona zinaanza, kichwa kinalala dirishani, na tunapozinduka tuko Kitabi, msitu umebaki nyuma. Mimi mwenyewe niliupita hivyo mara tatu kabla ya kushuka garini. Maelezo haya ni ya mtu anayetaka msitu wenyewe uwe ndio mwisho wa safari.

Nyungwe ni msitu wa milimani wenye zaidi ya kilomita za mraba 1,000, umeungana na msitu wa Kibira wa upande wa Burundi, na ni miongoni mwa misitu michache ya Afrika iliyobaki kijani hata zama za barafu, wakati ukame ulipokausha mingi mingine. Mwaka 2023 UNESCO iliuingiza katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kutoka Kamembe hadi Uwinka, mahali ambapo wageni hupokelewa, ni zaidi kidogo ya kilomita 50 za lami.

Anza na karatasi, kwa sababu ndizo zinazovunja safari nyingi. Pasipoti ndiyo hati yenye uhakika. Usidhani kwamba karatasi ndogo ya kuvukia kwenda sokoni Kamembe itakutosha kwa safari ya kuingia ndani zaidi ya nchi na kulala huko. Nenda mpakani siku moja kabla, uwaulize maofisa wa pande zote mbili, na uulize pia saa ya kufunga, maana mambo hayo hubadilika. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Mwenye gari achukue karatasi zote za gari pamoja na bima inayovuka mpaka, ile kadi ya manjano ya COMESA. Asiye na gari apande basi la Kigali pale Kamembe na kumwambia dereva mapema kwamba atashuka Uwinka. Tatizo ni kurudi, kwa kuwa mabasi ya alasiri mara nyingi hupita msituni yakiwa yamejaa. Kwa familia au marafiki wanne, naona ni heri kuchanga na kukodi gari la siku nzima.

Chakula ufungashe nyumbani, lakini si katika sashe. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na mpakani utaambiwa uiache. Tumia kikapu na mabakuli yenye vifuniko: sambaza (wale samaki wadogo wa ziwani) za kukaanga, mayai ya kuchemsha, viazi vitamu, na chupa ya chai ya tangawizi kwa wale ambao kona huwachafua tumbo. Chukua koti la mvua hata mwezi wa saba, viatu vyenye kushika udongo, na sweta, kwa sababu Uwinka iko juu sana kuliko ziwa letu la Kivu na baridi yake ya asubuhi si ya Bukavu. Miezi ya Juni hadi Agosti ndiyo mikavu. Mimi huchagua Juni, mvua ikiwa imeacha hivi karibuni na majani bado yana unyevu. Epuka Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwa kuwa asubuhi ya siku hiyo Wanyarwanda wako katika umuganda, yaani kazi ya pamoja ya jamii, na barabara huwa hazina mwendo.

Vuka mpaka mapema, badilisha pesa upate faranga za Rwanda, kisha ujaze tangi Kamembe, kwa maana ndani ya msitu usitegemee kupata mafuta. Barabara inapita kwenye mashamba ya chai ya Shagasha na kufika Ntendezi, ambako njia ya Karongi inajitenga. Wewe uendelee kuelekea Gisakura. Hapo punguza mwendo uangalie vizuri. Chai ya Gisakura imekatwa sawasawa kama zulia, kijani cheupe, nayo inapanda kilima hadi mahali fulani inakoma ghafla, na nyuma ya mstari wake wa mwisho msitu umesimama kama ukuta, mweusi, wenye ukungu. Hakuna shamba wala kichaka katikati. Zamani milima mingi ya pande zote mbili za ziwa ilikuwa na msitu wa namna hiyo. Sisi tunaonunua makala, yaani makaa ya kupikia, kwa gunia tunajua ulikokwenda.

Ndani ya msitu, dereva na aheshimu alama za mwendo, kwa kuwa kamera za polisi ni nyingi, na kwenye miteremko atumie gia ndogo ili breki zisipate moto. Gari lisisimame kwenye kona kwa ajili ya picha. Ukiwaona tumbili wenye shingo nyeupe wameketi kando ya lami, wapite polepole bila kuwatupia ndizi, kwa maana tumbili aliyezoea kulishwa barabarani hugongwa barabarani.

Uwinka utalipia na kupewa kiongozi. Bila yeye huruhusiwi kuingia. Omba njia ya Igishigishigi, jina la Kinyarwanda la ule mkangaga mrefu kama mti, ambayo ina urefu wa kilomita 2 hivi na inafika kwenye daraja la kuning'inia lililofunguliwa mwaka 2010. Lina urefu wa mita 160 hivi, na linapopita juu kabisa ya bonde, chini yako kuna takriban mita 70.

Watu hukimbilia daraja. Nakusihi usikimbie. Mti mkubwa hutazamwa kwanza kutoka chini, na kwa hiyo mwombe kiongozi akuonyeshe umuyove, ambao wataalamu huuita Entandrophragma excelsum. Ni aina ileile ya mti wa asili mrefu kuliko yote iliyopimwa Afrika, ule wa Kilimanjaro wenye mita 81.5. Simama karibu na shina, weka kiganja juu ya gome, kisha uinue macho taratibu: kwanza kuvumwani iliyoshika maji, halafu mikangaga iliyoota kwenye matawi, halafu sehemu ndefu isiyo na tawi, na mwisho majani ambayo huwezi kuyatenga na ya jirani yake. Tafuta tunda lake lililoanguka. Ni gumu kama mbao, hupasuka kwa vipande vitano kama ganda la ndizi, na ndani mbegu zimepangwa zikiwa na bawa kila moja. Ukishaliona lirudishe pale pale.

Uliza pia mti unaotoa utomvu wa manjano ukichubuliwa, Symphonia globulifera, wenye maua mekundu. Unapatikana hata katika msitu wetu wa Kahuzi, upande wa Kongo, kwa kuwa misitu hii miwili ni ndugu na miti mingi ni ileile. Ukitoka hapo ndipo upande darajani, na sasa vilele unavyoviona chini ya miguu utavitambua kwa majina, jambo ambalo aliyekuja mbio hulikosa.

Msitu huu ulipoteza tembo wake wa mwisho mwaka 1999, mikononi mwa majangili. Kwa hiyo kiongozi akikwambia usitoke njiani au usichume kitu, mtii bila kubishana.

Kuondoka Uwinka kusipite saa tisa alasiri. Ukungu hushuka barabarani mapema, malori ya mizigo huenda polepole na hakuna nafasi ya kuyapita, na mpakani kuna foleni. Kama umelala Gisakura, asubuhi yake ipe maporomoko ya Isumo, mwendo wa kilomita 10 hivi kwa miguu, unaoanzia kwenye chai na kuingia msituni kupitia ule ukuta ulioutazama ukiwa garini.