Kununua printa ya biashara Tabora: anza na kazi, kisha hesabu, mashine ije mwisho

Kabla hujauliza bei ya mashine yoyote, chukua daftari la kazi za miezi mitatu iliyopita uzigawe mafungu: nakala nyeusi za kawaida, mitihani, kazi za rangi, stika, kadi za harusi. Ambaye bado hajafungua duka aende kwa wateja anaowalenga awaulize wanachapa nini na kurasa ngapi kwa mwezi. Tabora ni mji wa shule, AMCOS (vyama vya ushirika vya wakulima) za tumbaku zina fomu zisizoisha, na asali ya Sikonge na Uyui inahitaji lebo. Kwa hiyo duka la hapa litakutana na kazi tatu: mitihani, fomu na lebo. Hakuna mashine moja inayozifanya zote tatu kwa gharama nzuri. Anayekuambia ipo, anauza.

Mitihani tuiondoe mapema. Shule inayotaka nakala 200 za karatasi ileile haihitaji printa ya leza, inahitaji mashine ya kudurufu, ile wengi wanayoiita Riso. Inatoboa masta, yaani karatasi nyembamba yenye umbo la ukurasa wako, mara moja, kisha inasukuma wino kupitia matundu yake kwa kasi inayozidi nakala 100 kwa dakika, bila joto na kwa umeme kidogo. Gharama iko kwenye masta. Chini ya nakala ishirini thelathini za ukurasa mmoja unajiumiza, juu ya hapo leza haiifikii kwa unafuu. Wino wake unachelewa kukauka na unashika vidole, na picha zinatoka hafifu, lakini kwa mtihani wa hesabu hakuna atakayelalamika.

Kwa kazi zinazobaki utachagua kati ya printa ya wino wa tangi na mashine ya leza. Ya tangi ni rahisi kununua, picha zake ni nzuri na umeme inatumia kidogo sana. Ni ya taratibu, na ikikaa wiki mbili bila kazi kwenye joto la Septemba na Oktoba matundu ya wino huziba. Kuyasafisha kunakula wino, na wino huo wa kusafishia unaishia kwenye sponji ya ndani. Sponji ikihesabiwa kuwa imejaa, printa inagoma. Kabla ya kununua uliza kama sponji hiyo inabadilishwa na mtumiaji mwenyewe au mpaka fundi aifungue mashine.

Gharama ya ukurasa

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa sababu wanalinganisha bei za mashine badala ya bei za ukurasa. Fanya hesabu hii kwa bei utakazopewa dukani; namba zilizopo hapa ni za mfano tu. Tukichukua leza: tona (unga wake wa kuchapia) ya shilingi 150,000 inayotoa kurasa 10,000 ni shilingi 15 kwa ukurasa. Dramu, ile silinda inayobeba picha ya ukurasa, ya 300,000 inayodumu kurasa 100,000 ni shilingi 3. Rimu ya 12,000 ni shilingi 24 kwa karatasi. Jumla 42. Sasa ongeza mashine yenyewe: 3,500,000 ukiigawa kwa miezi 36 ni kama 97,000 kwa mwezi. Ukichapa kurasa 5,000 kwa mwezi, kila ukurasa unabeba shilingi 19, na gharama yote ni 61 kabla ya umeme, kodi ya fremu na mshahara. Ukichapa 1,500 tu, ukurasa unabeba 65 na gharama inafika 107. Mashine ileile, tona ileile, na kama unatoza 100 kila nakala inayotoka ni hasara. Duka dogo likinunua mashine kubwa "ili ije ikue nayo" hufa kwa njia hii.

Idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi la tona imepimwa kwa ukurasa wenye wino asilimia 5, yaani barua fupi. Kwa fomu yenye majedwali iliyojaa maandishi, kata theluthi. Kwa lebo na mabango, gawa kabisa: lebo iliyofunikwa rangi nusu nzima hula tona mara kumi ya barua, kwa hiyo tona ya kurasa 25,000 inakuwa ya kurasa 2,500. Bei ya ukurasa wa rangi usiikopi kwa jirani. Huenda yeye anachapa vyeti na wewe unachapa mabango.

Tena, usichanganye uwezo wa juu kabisa wa mashine kwa mwezi na kiasi ambacho mtengenezaji anashauri. Ule wa kwanza ndio unaoandikwa kwa herufi kubwa kwenye tangazo. Huu wa pili huwa mdogo sana, na ndio wa kupangia biashara.

Kukagua mashine iliyotumika

Nyingi za leza kubwa za A3 zinazofika madukani zimetumika ofisini nje ya nchi. Si vibaya, ila usinunue kwa kuangalia picha ya WhatsApp.

Kwanza geuza mashine nyuma, karibu na pale waya wa umeme unapoingia, usome kibandiko. Unataka 220-240V. Zilizotoka Marekani ni za volti 120, za Japani ni 100, na taa ya fyuza (sehemu inayoyeyusha tona kwa joto ishike kwenye karatasi) imetengenezwa kwa volti hizo. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230 umeiua. Transfoma ya kushusha umeme inasaidia, lakini mashine ya namna hii inaweza kuvuta wati 1,500 inapopasha joto, kwa hiyo transfoma iwe ya kVA 3, na bei yake uikate kwenye bei ya mashine.

Pili, soma kaunta, yaani idadi ya kurasa ambazo mashine imekwisha kuchapa. Kwenye Canon imageRUNNER nyingi kuna kitufe cha 123. Kwenye nyingine inapatikana kwenye menyu ya mipangilio. Kaunta ndogo isikulevye, inaweza kurudishwa nyuma. Ilinganishe na rola za mpira zinazovuta karatasi: zikiwa laini na zinang'aa wakati kaunta inasema kurasa 20,000, mmoja kati ya wawili hao anadanganya.

Tatu, nenda na flashi yenye faili lako la PDF: ukurasa mmoja wa A3 uliojaa kijivu cha asilimia 30, kurasa za rangi tupu moja moja, na ukurasa wa maandishi madogo ya pointi 6. Chapa, kisha toa rula. Doa linalojirudia kila baada ya milimita 94 hutokana na kitu cha mviringo chenye kipenyo cha milimita 30, na mara nyingi hiyo ni dramu. Umbali ukiwa mwingine, ugawe kwa 3.14 upate kipenyo, ujue ni rola ipi. Mstari mwembamba unaotokea ukidurufu kwa kupitishia karatasi juu, lakini hauonekani ukiweka karatasi kwenye kioo kikubwa, ni uchafu tu kwenye kile kioo chembamba cha pembeni. Unafutika kwa kitambaa, ila muuzaji asiyelijua hilo atakupunguzia bei. Mstari ukitokea hata ukichapa kutoka kwenye kompyuta, tatizo liko ndani: dramu, bledi yake au mkanda wa kuhamishia picha. Mwisho sugua chapa kwa kidole. Tona ikitoka, fyuza haifikii joto lake, na fyuza ni spea ghali.

Malizia kwa karatasi 50 za pande mbili mfululizo. Mashine yenye rola zilizochoka hupita vizuri karatasi kumi za mwanzo, kisha huanza kukwamisha.

Uliza pia draiva ya Windows unayotumia. Mashine za zamani huchapa bila shida lakini hukataa kutuma skani kwenye kompyuta mpya. Kuskani kwenye flashi ndiyo njia ya mkato.

Lebo za asali

Mtungi wa asali huchuruzika, na lebo ya wino wa kawaida wa tangi ikiguswa na kidole chenye maji huchafuka. Tona ya leza haiyeyuki kwa maji, ndiyo maana kazi hii inaifaa leza au printa yenye wino wa pigmenti, usioyeyuka kwa maji. Lakini stika iwe ya leza, imeandikwa hivyo kwenye pakiti. Stika ya plastiki iliyotengenezwa kwa ajili ya wino ikiingia kwenye fyuza inayeyuka na kuzunguka rola, na hapo umenunua fyuza nyingine kwa kazi ya siku moja. Tumia trei ya pembeni, chagua aina ya karatasi "lebo", na usirudishe ndani karatasi iliyokwisha kubanduliwa hata stika moja, maana gundi iliyobaki wazi hushika dramu.

Lebo ya milimita 63 kwa 70 inaingia 12 kwenye A4. Mitungi 500 ni karatasi 42. Mpigie mteja hesabu ya 47, kwa sababu za mwanzo zitaharibika ukitafuta rangi.

Umeme, karatasi na safari

UPS ndogo ya kompyuta usiifungie leza, italia na kuzima kila fyuza inapopasha. Weka stabilaiza ya kVA 5 na waya wa ethi uliofungwa na fundi umeme. Umeme ukikatika katikati ya kazi, fungua mlango utoe karatasi iliyobaki kwenye fyuza kabla ya kuwasha tena.

Kuanzia Novemba hadi Aprili karatasi hunyonya unyevu, hujikunja na kukwama. Rimu iachwe kwenye kifuniko chake mpaka itakapotumika, juu ya ubao, si sakafuni. Kiangazi adui ni vumbi: funika mashine usiku, na usiiweke mkabala na mlango wa barabarani.

Ukinunua Dar es Salaam, dai risiti ya EFD yenye jina la biashara yako, na waranti ya maandishi inayotaja fyuza na dramu kwa majina. Muulize muuzaji fundi gani wa Tabora anaifahamu modeli hiyo, kisha mpigie fundi huyo kabla ya kulipa. Akisema spea zake huagizwa na kusubiriwa mwezi mzima, tafuta modeli nyingine. Kabla ya kupakia, tona zote zitolewe na zifungwe peke yake, kichupa cha tona chafu kimwagwe, kichwa cha skana kifungwe kama kina skrubu yake. A3 ya rangi inaweza kuzidi kilo 80, kwa hiyo lipia watu wanne, isafiri ikiwa imesimama. Ikifika, iache ipumzike saa kadhaa kabla ya kuiwasha, kisha chapa ukurasa wa kaunta uubandike ukutani. Kila mwisho wa mwezi andika chini yake namba mpya na pesa ya tona uliyonunua.