Jinsi ya kusoma ugumu wa ratiba ya NFL bila kudanganywa na ile namba moja

Kila mwaka mwezi wa tano NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, ikishatoa tu ratiba, hata siku haijaisha orodha zimejaa kila kona, timu hii imepewa mlima, ile imepewa mteremko, na watu wanaanza kugawa ushindi kabla mpira haujarushwa. Mi sehemu hii ya ratiba naipenda sana, naweza kukaa nayo usiku mzima, ila naomba tusiisome kwa pupa maana ile namba inayotembea sana, asilimia ya ushindi wa wapinzani wako mwaka jana, ndo inayopotosha sana. Nieleze navyofanya mimi, we chukua unachoona kinakufaa.

Kwanza elewa wapinzani wanapatikanaje. Hakuna bahati nasibu hapo. Kuna timu 32, konferensi mbili (AFC na NFC), kila moja ina divisheni nne za timu nne nne, na tangu 2021 kila timu inacheza mechi 17. Sita ni za wenzako wa divisheni, nyumbani na ugenini, nne ni za divisheni nyingine moja ya konferensi yako, nne za divisheni moja ya upande wa pili, na hizi zinazunguka kwa zamu. Zinabaki tatu tu, na hizo tatu ndo zinaangalia mwaka jana ulimaliza wa ngapi, wa kwanza anakutana na wa kwanza wenzake, wa mwisho na wa mwisho wenzake. Kwa hiyo mtu akikwambia timu flani inateseka na ratiba ya bingwa, muulize kama anajua anaongelea mechi tatu kati ya 17. Nyingine zote majirani zake wa divisheni wanazicheza pia.

Pili, ile namba yenyewe. Inachukua rekodi za mwaka jana za wapinzani wako wote, inajumlisha, inatoa asilimia. Ligi nayo inatumia hesabu ya namna hii, kwa mfano timu mbili zikimaliza na rekodi sawa, kwenye drafti (ugawaji wa wachezaji wapya) anatangulia kuchagua yule aliyekuwa na ratiba laini zaidi, lakini ligi inapima msimu uleule uliokwisha kuchezwa. Watu wa mwezi wa tano wanapima msimu ujao kwa rekodi za msimu uliopita, yaani wanapima timu ambazo nyingine hazipo tena, kocha kaondoka, kotabeki (anayerusha mpira na kuongoza mashambulizi) kabadilishwa.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni AFC Mashariki ya 2008 (divisheni ya Patriots, Dolphins, Bills na Jets), na hapa nitakaa kidogo kwa sababu kila kitu kimo. Msimu wa 2007 Patriots walishinda mechi zote 16 za msimu wa kawaida, Dolphins wakashinda moja wakapoteza 15. Sasa jifanye we ni Bills, mwaka unaofuata unacheza na kila mmoja mara mbili, kwenye karatasi unaandika Patriots kichapo, Dolphins pointi za bure. Mechi ya kwanza kabisa ya msimu, dhidi ya Chiefs, Tom Brady, kotabeki wa Patriots, akaumia goti na msimu wake ukaishia hapohapo. Upande wa pili Jets walimleta kotabeki Brett Favre wakamwachia kotabeki wao Chad Pennington aondoke, Dolphins wakamuokota mwezi wa nane. Mwisho wa msimu Patriots 11-5 (ushindi 11, kupoteza 5), Dolphins 11-5. Wale wawili kwa pamoja walikuwa na ushindi 17 kwenye mechi 32 mwaka wa 2007, ule wa karatasi, wakamaliza na 22. Na mechi ya mwisho kabisa Pennington akawapiga Jets 24-17 kwao wenyewe akachukua divisheni.

Ila bado hujafika penye utamu. Mwaka ule AFC Mashariki ilipangiwa AFC Magharibi na NFC Magharibi, na zote mbili zilikuwa dhaifu, Chargers walichukua ya kwao kwa 8-8 na Cardinals ya kwao kwa 9-7. Patriots walizoa ushindi saba kwenye mechi hizo nane, yaani saba kati ya 11 zao. Ratiba iliwabeba? Iliwabeba, hilo lisifichwe. Lakini angalia zile mechi mbili za nafasi (enzi hizo mechi zilikuwa 16, za nafasi zilikuwa mbili): Patriots kama mabingwa wa divisheni wakapewa Colts na Steelers, wakapoteza zote. Dolphins kama wa mwisho wakapewa Texans na Ravens, nao wakapoteza zote! Ravens walikuwa 5-11 mwaka wa nyuma, safari hii wakawa 11-5. Kwa hiyo ule "upendeleo wa wa mwisho" haukuwapa Dolphins hata ushindi mmoja.

Halafu walipolingana 11-5, kigezo kilichowatenganisha ni rekodi ndani ya konferensi, Dolphins 8-4, Patriots 7-5. Patriots walikuwa wamewafunga NFC Magharibi wote wanne, wakiwemo Cardinals 47-7, wakati Dolphins walipigwa na haohao Cardinals 31-10. Lakini kichapo cha Dolphins kilikuwa nje ya konferensi kwa hiyo hakikuhesabika kwenye kigezo, na ule ushindi mnono wa Patriots nao haukuhesabika. Patriots wakakosa mtoano na 11-5 yao, Chargers na 8-8 yao wakaingia mtoano na wakawatoa Colts waliokuwa 12-4. Mi naona hii ni kali mno, na ndo maana ukisoma ratiba weka alama kwenye mechi za konferensi peke yake, usizirundike zote kapu moja.

Tatu, ukikuta timu imekula vibonde usikimbilie kusema ni feki, nenda kwenye pointi. Rams wa 1999 msimu wa kawaida walikutana na timu moja tu iliyomaliza na rekodi ya ushindi, Titans, na wakapoteza. Ila walifunga pointi 526 wakafungwa 242. Timu inayokanyaga wanyonge namna ile ni nzuri kweli, na wakabeba Super Bowl, yaani fainali, kwa kuwafunga haohao Titans 23-16. Linganisha na Vikings wa 2022, rekodi 13-4 inayong'aa, lakini walifunga 424 wakafungwa 427. Wakatolewa na Giants nyumbani kwao mechi ya kwanza ya mtoano.

Nne, na hapa wengi wanapita tu, angalia mpangilio na siku za kupumzika. Eagles wa 2023 kwa ile hesabu ya karatasi ndo walikuwa na ratiba ngumu kuliko wote, asilimia 56.6. Wakaanza 10-1, watu wakasema namba imekosea. Kumbe ugumu ulikuwa umelundikwa sehemu moja: Jumatatu wanawafunga Chiefs 21-17 ugenini, Jumapili yake wanawamaliza Bills 37-34 muda wa nyongeza, miguu imechoka, halafu wanakuja 49ers waliocheza Alhamisi ya Sikukuu ya Shukrani, wana siku kumi za kupumzika dhidi ya saba, Eagles wakapigwa 42-19. Wiki inayofuata Cowboys, nao walicheza Alhamisi, siku kumi dhidi ya saba tena, wakapigwa 33-13. Zile mbili naielewa ratiba. Lakini baadaye walifungwa na Cardinals waliomaliza 4-13 na wakafungwa na Giants 27-10, na hapo usiisingizie ratiba hata kidogo, ulinzi wao ulikuwa umeshaporomoka.

Steelers wa 2024 ni hivyohivyo. Mechi zao zote sita za divisheni zilipangwa kuanzia wiki ya 11, wakawa 10-3, kisha wakapewa Eagles, Ravens na Chiefs ndani ya siku 11, ya mwisho siku ya Krismasi. Wakapoteza zote tatu, wakapoteza na Bengals, wakamaliza 10-7.

Kwa hiyo chukua karatasi, kwa kila mechi andika mpinzani, kama ni wa konferensi, siku zako za kupumzika na siku zake, na nani anacheza kotabeki. Safu ya mwisho iandike kwa penseli, halafu wiki ya tisa irudie upya yote kwa rekodi za msimu huu.